Siku Katibu Alipoingia Wavuni

Aibu hii siwezi kuificha hata nikitaka, maana ukifika kijijini kwetu Mofu ukauliza nyumba yangu mimi Remi utaambiwa hawamjui, lakini ukiuliza kwa Katibu Kambale, hata mtoto anayejifunza kutembea atakuonyesha njia. Basi afadhali niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia kwa Gervas, ambaye kila akiisimulia yule kambale anarefuka.

Ilikuwa miaka ya tisini, mwaka wa mvua nyingi. Samaki walikuwa wamepungua mtoni mpaka inatia huruma, unatega kutwa nzima unarudi na perege wawili ambao hata paka wa nyumbani anakutazama usoni kwanza kabla ya kuwatazama wao. Sababu tuliijua wote: nyavu za macho madogo, zile zinazokomba hadi vifaranga, tena zinakokotwa palepale bwawa la Kisiki, ambako samaki wanazalia. Tukaunda kamati ya kulilinda. Mwenyekiti akawa Mzee Kasian, katekista mstaafu, mtu wa taratibu zake, na mimi kwa ajili ya mwandiko wangu mzuri (na mdomo wangu, anasema mke wangu Benedikta) nikawa katibu. Sheria niliziandika kwa mkono wangu, na ile kali kuliko zote niliibuni mwenyewe: atakayekutwa na wavu wa macho madogo atajivika wavu huo mabegani, atatembea nao mpaka mkutanoni, na atasema kwa kinywa chake mbele ya watu, "Huu ni wangu." Siku niliyoisoma nilipigiwa makofi, nikavimba kichwa.

Wa kwanza kuvikwa alikuwa Gervas, mvuvi hodari kuliko wote pale kijijini na mwenye ulimi wa pilipili. Alitembea na wavu wake kimya, akasema maneno yale, akaenda zake, na tangu hapo kila penye watu wawili yeye alikuwa wa tatu: "Hawa kamati wanatuvika sisi tu, na wanatufungia bwawa ili wale wao. Subirini mtaona." Na wavuvi walimsikiliza. Sasa bwawa la Kisiki lisingeweza kufungwa mpaka wavuvi wenyewe wakubali kwa kunyoosha mikono, kwa hiyo ukimkosa Gervas umelikosa bwawa.

Ndipo tukapata habari kwamba wanakuja wageni kutoka pwani, kwenye kisiwa kimoja ambako wanakijiji wenyewe wanalinda hifadhi ya bahari, wanawafukuza wapiga baruti na wanaacha matumbawe yapumzike. Wangetueleza walivyofanya, kisha wavuvi wangenyoosha mikono au wasinyooshe, kisha tungechoma mbele yao nyavu zote tulizokamata. Na nyavu hizo zilikuwa zinatunzwa wapi? Ghalani kwangu.

Sasa sikieni ujinga wa mtu mzima. Nyuma ya nyumba nilikuwa na kipande cha mpunga wa mapema, umeanza kukomaa, na kweleakwelea walikuwa wameshauona kabla yangu. Kuamia ndege si mchezo jamani, unakaa dunguni tangu kunapambazuka na kopo lako la mawe, unapiga kelele mpaka sauti inakauka, na mimi nilikuwa na hotuba ya kuandika. Nikawaza, nyavu zimelala tu, nikiazima mmoja nikautandaza juu ya mpunga siku tatu, nani ataumia? Siyo kuvua, ni kuamia!

Benedikta akaniambia, "Baba Rose, hiyo mali ya kamati."

Nikamjibu, "Kamati ndiyo mimi." (Naomba Mungu anisamehe neno hilo, Benedikta alishakataa.)

Nikachomeka miti, nikautandaza. Ndege wakaja, wakashangaa, wakahamia kwa jirani, na mimi nikaandika hotuba ya kurasa nne.

Nilikusudia kuutoa asubuhi ya mkutano, lakini nikapoteza muda na pasi ya mkaa, nikinyoosha koti langu la harusi, kisha nikakimbilia kwa Mzee Kasian walikolala wageni. Tukiwa tunakunywa chai, mvua iliyonyesha milimani ikatuletea mto mpaka mlangoni. Njia ya kwenda shuleni, kwenye mkutano, ikapotea majini. Mzee Kasian hakubabaika, akasema tutakwenda kwa mtumbwi, tukate mashambani, tupite nyuma ya nyumba ya katibu. Na wa kutupeleka, kwa sababu hakuna aliyemfikia kwa kupiga pondo, alikuwa Gervas, aliyekwisha kufika mlangoni na mtumbwi wake.

Chai ikanipalia. "Mwenyekiti," nikasema, "kule nyuma kwangu si pazuri leo. Kuna kiboko."

Mkuu wa wageni wetu alikuwa Bi Salma, mama wa makamo, mchokoa pweza, kiongozi wa walinzi wa kwao. Aliweka kikombe chini. "Kiboko? Wallahi tangu nizaliwe sijamtia machoni! Twendeni hukohuko!"

"Mimi nimepita pale asubuhi hii," Gervas akasema, "sikumwona. Labda kaja kumsalimia katibu."

Tukapanda. Faili langu la sheria nimelikumbatia kifuani, jasho linanitoka na hali ya hewa ni baridi. Kila mtu wa bonde hili anajua kwamba maji yakipanda samaki wanaingia mashambani, wanakwenda kuzaa kwenye majani. Hata Rose wangu alikuwa anajua, na alikuwa darasa la pili. Aliyesahau ni katibu wa kamati ya samaki.

Tulipokaribia nikaona vichwa vya miti yangu vimetokeza juu ya maji, na wavu umezama, na kitu kinaupiga, chubwi, chubwi, maji yanaruka.

"Yule!" Bi Salma akapiga kelele kwa furaha. "Mbona anatikisika vile?"

Nikasimama. "Geuza, Gervas, ana mtoto!"

Sasa ndugu zangu, kwenye mtumbwi hatusimami, hilo tunafundishwa kabla ya kufundishwa kusali. Mtumbwi ukalala upande, wenzangu wakang'ang'ania kingo, mimi nikaenda, na faili, na koti la harusi, moja kwa moja mpaka kwenye wavu. Nikijaribu kutoka, vifungo vya koti vinashika macho ya wavu. Nikivuta mkono, perege wanaingia kwenye mkono wa koti. Na kambale mmoja wa urefu wa mkono wangu (mkono wangu, siyo wa Gervas) ananipiga mbavu kana kwamba nimemkosea yeye peke yake.

Gervas akasogeza mtumbwi polepole. Akaushika wavu ukingoni, akakuta kiraka kilichoshonwa kwa uzi mwekundu, na uzi ule alikuwa ameushona mke wake.

"Katibu," akasema kwa upole ulionitisha, "huu si wavu wangu?"

"Nilikuwa naamia ndege," nikasema, maji kifuani.

Akamnasua perege mmoja begani kwangu, akamwinua. "Ndege hawa?"

Mgeni mmoja alicheka mpaka akajiziba mdomo kwa kofia. Mzee Kasian hakucheka, alikuwa amebadilika rangi. "Jamani, tuko mbele ya wageni. Hili tulifunike, tutalizungumza kikao cha ndani."

Gervas akaacha kutabasamu. "Mimi mlinifunika?"

Pale ndipo niliposikia aibu yenyewe, siyo ya kulowa, aibu ya kweli, maana niliona kwamba tukilifunika hili, bwawa la Kisiki limekwisha, na nimelimaliza mimi, siyo Gervas.

Bi Salma akainama ukingoni mwa mtumbwi. "Baba, nikwambie. Kwetu, mtu wa kwanza kukamatwa akivua palipofungwa alikuwa mume wangu."

"Nani alimkamata?" nikauliza.

"Mimi hapa. Alininunia wiki mbili. Sasa ni mlinzi, na hakuna mkali kumpita."

Basi nikasema, "Gervas, nisaidie. Usinitoe. Nivike vizuri."

Nikaingia mkutanoni na wavu mabegani, natiririka maji, na yule kambale bado yumo anapigapiga mgongoni. Nikasikia mama mmoja anasema, "Si katibu yule?", na uwanja mzima ukalipuka. Nikasubiri. Hotuba ilikuwa imegeuka uji, kwa hiyo nilikuwa na maneno matatu tu. "Huu ni wangu."

"Mwongo!" Gervas akapaza sauti kutoka nyuma. "Ni wangu mimi! Leo nimekuazima tu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye tope. Na kicheko kilipopungua Gervas akaja mbele, akasimama karibu yangu. "Nilisema kamati wanatuvika sisi tu. Leo katibu kavaa, tena kavaa na samaki ndani. Sina neno tena." Akanyoosha mkono. Wavuvi wakatazamana, mkono wa pili, wa tatu, kisha sikuweza kuhesabu kwa sababu macho yangu yalikuwa na maji, na hayakuwa ya mtoni. Kisiki likafungwa. Kambale na perege tukawarudisha majini wakiwa hai, ngoma ikapigwa, na Bi Salma akacheza na Mzee Kasian, jambo ambalo mzee anakana mpaka leo.

Nyavu nyingine ziliwaka vizuri. Wangu ulikuwa umelowa, ukatoa moshi tu, tukakohoa na wageni wetu, mwisho ukaamriwa uanikwe mbele ya nyumba yangu mpaka ukauke. Kila asubuhi Gervas alikuwa anapita na kiberiti mkononi. "Shikamoo katibu (ananizidi umri, mjue), bado tu hatujakauka?"

Ulipokauka tuliuchoma pamoja, na mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa mlinzi mkuu wa Kisiki, anawafukuza watu kwa ulimi uleule. Mimi niliapa siku ile, na kiapo sijakivunja: kweleakwelea waje wanavyotaka, nitakaa dunguni na kopo langu mpaka sauti ikauke, lakini wavu siutandazi tena, juu ya kitu chochote. Hata chandarua anafunga Benedikta. Akimaliza anakiinua upande mmoja, ananiambia, "Haya, utaingia mwenyewe, au nimwite Gervas?"