Mjane Haingii Boma la Mtu

Mimi ni Maroa, mtu wa Kegonga, na kazi yangu ni bodaboda. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikimbeba Phelesia kutoka stendi ya Muhuru Bay hadi kwenye maboma ya watu, na nasema wazi kwamba sijaona mwanamke mkaidi kama yule. Nasema hivyo kwa kumsifu.

Phelesia ni mshauri wa familia. Ameajiriwa na shirika fulani lenye ofisi mjini Homa Bay, lakini ofisini haendi mpaka aitwe. Kazi yake ni kuwaendea nyumbani watu ambao mambo yamewazidi: mume na mke hawasemezani, mtoto amegoma kula, mzazi ameshikwa na huzuni mpaka haamki kitandani. Akifika huomba maji ya kunywa, kisha hutulia na kutazama. Nani ameleta maji, nani ananyamaza mwenzake akiingia, nani anakula akiwa amesimama. Baadaye ndipo anauliza maswali, na maswali yake yanauma.

Mwaka jana mumewe, Clifford, alifariki. Hapo ndipo vituko vilipoanza. Kwa Wajaluo wanaoshika mila, mjane ambaye hajarithiwa na ndugu wa marehemu haingii boma la mtu mwingine. Akiingia, wanasema, ataleta chira, yaani laana ya kuvunja mwiko: watoto wakonde, ng'ombe wafe, boma liishe. Sisi Wakuria tuna yetu na sitayaanika hapa, kwa hivyo siwacheki. Lakini hebu fikiria: mwanamke ambaye kazi yake yote ni kuingia maboma ya watu, anaambiwa asiingie boma la mtu!

Dawa ya haraka ilikuwapo. Shemeji yake, Cephas, alikuja na shati lililopigwa pasi kumwambia kwamba yuko tayari kumrithi. Phelesia alimtazama kuanzia viatu hadi kichwa.

"Cephas, yule uko naye nyumbani amekushinda. Mimi utaniweza?"

Cephas akaenda zake, na kesho yake wanawake wa ufuoni walikuwa wakicheka mpaka wanashika mbavu.

Mkubwa wake kazini, Willis, naye akapiga simu. Alikuwa na nia njema, na taabu ya watu wenye nia njema ni kwamba hawakuulizi unataka nini. Tulikuwa tumesimama kando ya barabara, na Phelesia akaweka simu kwenye spika.

"Madam, kuja tu hapa town. Tutakupatia ofisi, familia zikuwe zinakuja kwako. Hiyo maneno ya mila tuepukane nayo."

"Watu hawagonjekangi ofisini, Willis. Wanagonjekea jikoni. Huko town nitaona jikoni ya nani?"

Akakata simu, akaniambia tuondoke. Tulikuwa tunaenda kwa Walter.

Kwa kawaida Phelesia hunikalisha mbali, maana kazi yake ni ya siri. Haya nayasimulia kwa sababu wenyewe waliyasema njiani, kila mpita njia akisikia.

Walter ni mvuvi wa omena, wale dagaa wa ziwani. Usiku mwezi ukiwa mkubwa taa za wavuvi hazivuti omena, wanaume hulala kwao, na ndipo Phelesia hupanga vikao vyake. Mke wa Walter, Teresa, alijifungua mtoto wa tatu na tangu hapo akazimika: hasemi, haogi, mtoto akilia yeye anageukia ukuta. Wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni uvivu. Phelesia alisema ni ugonjwa unaowapata wanawake wakijifungua, akampeleka zahanati, kisha, kabla msiba wake haujamfika, akakaa na familia nzima mwezi baada ya mwezi mpaka Teresa akaanza kumbeba mtoto tena. Lakini mama mkwe, min Walter, yaani mamake Walter, alikuwa amechoka kungoja. Alikuwa ameamua kwamba kikao cha siku hiyo kisipoleta la maana, Teresa atarudishwa kwao Mfangano na watoto wabaki.

Tulipofika, lango lilikuwa limefungwa na yeye amesimama nyuma yake.

"Nyathina, mwanangu, pole na msiba. Lakini hapa huingii. Kuna mtoto mdogo hapa. Utatuletea chira."

Nilidhani Phelesia atabembeleza, au atageuka. Nilikuwa nimeshawasha pikipiki. Yeye alivua helmeti, akakaa chini pale pale njiani, kwenye vumbi, na sketi yake nzuri.

"Sawa, Mama. Siingii. Basi mtoke nyinyi."

"Tutoke twende wapi?"

"Hapa nje. Mila imenikataza kuingia, haijawakataza kutoka. Walter! Leta viti!"

Walter alimtazama mamake, kisha akatazama chini. Mwanaume anayeshindana na ziwa usiku kucha, ameshindwa kuinua kiti! Nilikasirika nusura nimpigie honi.

Aliyetoka ni Teresa. Alifungua lango kidogo, akampita mama mkwe mtoto akiwa mgongoni, akakaa chini kando ya Phelesia. Hapo ndipo Walter alipopata miguu, akamletea mamake kiti. Wanawake waliokuwa wakianika omena ng'ambo ya njia wakaacha kazi.

"Teresa," Phelesia akauliza, "unataka kurudi Mfangano?"

"Sitaki." Hiyo ndiyo mara ya kwanza mimi kusikia sauti yake. "Nataka watoto wangu. Na nataka watu waache kuniambia nimerogwa."

Min Walter alikataa kiti. "Hii boma tumefuata kila kitu. Makosa haikutoka hapa, imeletwa na huyu wa Mfangano."

"Mama," Phelesia akasema, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini. "Mzee wako alipokufa, wewe ulifanyiwa nini?"

"Si unajua. Nilirithiwa."

"Ulitaka?"

Swali gani hilo la kumuuliza mwanamke mzima mbele ya watu! Niliona aibu, nikajifanya nakagua matairi. Min Walter akakivuta kile kiti, akaketi.

"Nani aliniuliza? Ni wewe ndiyo wa kwanza." Akaelekeza kidevu nyuma ya nyumba, kwenye makaburi. "Nilirithiwa. Kila msimu nilingoja wakubwa wa boma wapande mbegu ndiyo nipande yangu, vile mila inasema. Sikuingia kwa mtu. Na bado watoto wawili wamelala hapo. Yote nilifuata, Phelesia. Yote."

Akainuka, akalishika lango kwa mikono miwili na kulivuta mpaka likafunguka lote.

"Mama," Walter akaanza, "na chira..."

"Nyamaza. Teresa haendi mahali. Na wewe Phelesia, inuka hapo chini uingie. Hiyo chira ikikuja, mniachie mimi. Tunajuana."