Adhana ya Saa za Dar

Leo nasimulia nikicheka, lakini siku ile wallahi nilitamani ardhi inimeze, na mtaani kwetu hapa Tabora jina langu limeshasahaulika, naitwa Saa za Dar, hata wateja wa kanzu (mimi ni fundi cherehani) wanauliza hivyohivyo, "Saa za Dar yupo?", nami naitika, nifanyeje?

Ilikuwa Ramadhani, mvua kila siku. Muadhini wetu, Mzee Sudi, alifiwa na dada yake kule Kaliua, akaniachia adhana kwa wiki moja. Jamani, adhana nimeitamani miaka! Sauti ninayo (sijisifu, muulizeni mke wangu), nikaapa moyoni akirudi akute hakuna anayemkumbuka. Aliniusia jambo moja tu: "Fuata saa za ile karatasi ya ukutani, nimeiandika mwenyewe."

Siku ya tatu nikaitazama ile karatasi, imefifia, ina madoa ya uji, nikaona zama hizi mtu hafuati karatasi, wakati shemeji yangu wa Dar es Salaam katuma ratiba kwenye simu, ya rangi, tena ina picha ya mwezi. Nikaifuata ya simu. Basi, kosa lenyewe ndilo hilo, dogo hivyo.

Wingu lilikuwa limetanda tangu alasiri. Dakika ya kwenye simu ilipofika nikashika kipaza sauti nikaadhini, tena niliadhini haswa, pa kuvuta nikavuta, na mtaa mzima ukafuturu. Tukasimama safu. Rakaa ya pili, sheikh yuko katikati ya Alhamdu, wingu likaachana, na jua, jua zima jamani, likaingia dirisha la kushoto likatupiga shavuni safu nzima. Nyuma yangu mtu akasema, "Lahaula!"

(Kwa asiyejua: huku bara jua linachelewa kuzama, Dar wanatutangulia karibu nusu saa. Kila mtu Tabora anajua. Hata mimi nilijua!)

Sheikh akakata swala, akageuka. "Umefuata saa za wapi?"

"Za Dar, sheikh."

Badala ya kutulia nikarukia kipaza sauti, nikapiga kelele: "Waislamu, jua bado! Acheni kula! Mwenye chakula mdomoni ateme!" Vicheko nikavisikia mpaka barabarani.

Ila Bi Zuhura hakucheka. Ni bibi jirani wa msikiti, magoti yanamsumbua, na miaka miwili hakufunga kwa maradhi, mwaka huu ndio kapata nafuu akaazimia amalize mwezi mzima. Alikuja mlangoni, kitumbua kimemegwa mkononi. "Mwanangu, nimeze au niteme?" Sheikh akasema tujizuie mpaka jua lizame, na siku hiyo tuilipe baada ya Idi. Bi Zuhura akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Sikuwa nimeacha hata moja," akasema.

Hapo ndipo niliumia. Nikaazimia sijifichi. Kesho yake nikapita nyumba kwa nyumba, shikamoo hapa, salamu aleikum pale, nimewaharibia funga yenu, mnisamehe, siku ya kulipa tufunge pamoja na futari ni juu yangu. Wengine walinicheka, mmoja alinifungia mlango nikapitia wa uani. Mzee Sudi aliporudi nikamkabidhi kipaza sauti, akakirudisha kifuani kwangu. "Endelea wewe," akasema. "Sasa hivi hakuna muoga wa saa kukushinda."

Siku ya kulipa nikatandika mikeka kwenye baraza ya msikiti, nikaadhini kwa karatasi ya ukutani. Nimemaliza, natoka, loo! Tende ziko mikononi, hakuna aliyekula, wote wanamtazama Bi Zuhura, ambaye aliinuka polepole na magoti yake, akatoka mpaka barabarani, akaangalia magharibi (akakawia makusudi, namjua), akarudi.

"Limezama," akasema. "Kuleni." Tende yake akanipa mimi kwanza. Nilishindwa kuitafuna kwa machozi.

Adhana siachi ng'o. Ratiba ya shemeji ikiingia naifuta hata kabla haijafunguka, na kila jioni, karatasi mkononi, natoka kwanza nikalione jua likizama kwa macho yangu mawili. Nikigeuka, Bi Zuhura naye yuko dirishani kwake, anahakikisha.