Siku Niliyowatimua Vitwitwi wa Yohana

Yohana aliponiuliza, "Sasa Shekhe, wewe ile njia ya mkato unaijua au umeisahau?" nilipaswa kujibu kwamba nimeisahau, basi, na leo nisingekuwa na aibu hii ya kuwasimulia, lakini nilikuwa nimevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi (naam, kanzu, kwenye matope, nilitaka wageni wajue wamepokewa na mtu), na kina mama wa kwaya kutoka Maramba wananitazama, nikasema, "Ile? Naipita hata nikifumba macho."

Ujanani mimi na Yohana tulivuna chumvi pamoja, kusini kidogo ya Tongoni, yeye mtoto wa manamba wa mkonge, mimi mtu wa pwani. Maji yakijaa mchana tulikuwa tunaacha kazi, tunakaa juu ya tuta la bwawa, na vitwitwi, wale ndege wadogo wa ufukweni, wanashuka kwa maelfu karibu kabisa na miguu yetu, wengine vifua vimeanza kuwa vyekundu, maana huwa hivyo wakikaribia kurudi kwao kwenye baridi. Tulikuwa hatusemi kitu. Sijapata tena kukaa kimya na mtu kwa raha ile.

Mabwawa yale yalishakufa, mikoko imerudi, na sasa pale ni hifadhi. Yohana naye macho yalikuwa yanamwisha. Daktari alishamwambia hayatibiki. Cha mbali kilikuwa ukungu, cha karibu bado akikiona. "Nataka niwaone mara moja tena, pale pale miguuni," aliniambia kwenye simu, "halafu giza lije litakavyo." Ndiyo maana akaomba nafasi kwenye gari la kwaya ya kanisani kwao, mwezi wa tatu.

Mlinzi wa pale ni Bi Mwanaidi. Utaratibu wake ni kuwazungusha wageni nyuma ya mikoko, mnakaa kimya kwenye kibanda cha makuti, na maji yanayojaa yanawasogeza ndege wenyewe hadi mbele yenu.

"Shikamoo mjomba," aliniamkia. "Nipeni dakika kumi nifuate ufunguo. Tafadhali msipite kwenye tuta la zamani, limeoza."

Dakika kumi! Hapo ndipo Yohana aliponiuliza ile njia ya mkato, nami nikawaongoza kwenye tuta la zamani.

Hatua ya kumi na kitu mguu ukaingia, nikautafuta wa pili nao ukaingia, nikawa nimezama hadi mapajani, kanzu imetanda juu ya tope kama mwamvuli uliogeuzwa, na mimi, mzee mwenye wajukuu, nikapiga ukelele, "Nakufa!"

"Yesu wangu, babu anazama!" akapiga yowe mama mmoja wa kwaya.

"Hazami huyo," akasema mwenzake, "amekaa."

"Vua kanzu, Shekhe, inakuvuta!" Yohana akapaza sauti.

"Siwezi! Ndani nina bukta ya mjukuu!"

Hapo kwaya nzima ikaangua kicheko, na kicheko cha waimbaji si kidogo. Mbele yetu, kwenye ncha ya tuta, ndege wote wakanyanyuka kwa mkupuo mmoja.

Yohana akageuza uso huku na huku. "Ni wao hao?"

"Ni wao."

"Naona moshi tu," akasema.

Bi Mwanaidi alikuja mbio na ubao, akanivuta kwa mikono yake miwili, wala hakunitukana. Alisema tu, "Wakishatishwa hivi, mjomba, wanakwenda mafungu ya mchanga ya mbali huko baharini. Leo hawarudi." Na gari la kwaya lilikuwa linaondoka alasiri ile ile.

Yohana alicheka nasi hadi garini, akanishika mkono, akasema mwakani. Mwaka uliofuata vitwitwi walikuja, yeye akawa haoni hata kiganja chake. Hajanilaumu hata siku moja. Lakini aliniomba jambo moja tu tangu tujuane, nami kwa kutaka nionekane mjuzi mbele ya watu nisiowajua, nikamkosesha, na siwezi tena kumpa.