Siku Baba Alipomnunua Mwati

Harufu ya ngano iliyokatwa ikichanganyika na ya manyoya ya kondoo waliolowa umande, hiyo ndiyo Timau ya utoto wangu kila mwezi wa nane. Baridi ya Mlima Kenya ilishuka hadi kwenye mifupa, vumbi la makapi liliingia hata ndani ya uji, na katika uwanja wa shule watu walijenga vibanda vya sherehe ya mavuno. Naandika haya mimi niliyeishia darasa la tano, na sioni haya kusema hivyo, kwa sababu leo viazi vyangu vinakwenda Nairobi kwa malori yangu mwenyewe, na waliomaliza shule ndio ninaowaajiri waniandikie barua. Hii sikumpa mtu aniandikie. Mambo ya nyumbani hayaandikwi na karani.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja kubwa la ngano, mtu wa maneno machache na kofia moja. Asubuhi ya sherehe alioga maji moto, akapiga viatu rangi, akamwambia mama, "Mama Mutuma, vaa vizuri. Leo tunatembea mimi na wewe." Mama aliacha kukoroga uji. Katika miaka kumi na miwili ya kuishi pamoja hawakuwahi kutembea pamoja mahali popote. Kwetu siku hizo mume alitangulia na fimbo, mke akafuata hatua ishirini nyuma na mzigo mgongoni. Ukimwona mtu ameandamana na mkewe sako kwa bako, ujue anampeleka hospitali au kwa chifu. Mama alinivuta nyuma ya jikoni, akanipangusa pua kwa pindo la leso na kuninong'oneza, "Wewe unakuja nasi. Baba yako akigeuza macho, na wewe geuza yako. Mbuzi hapewi chumvi bure."

Basi nilikwenda sherehe nikiwa askari wa siri wa mama yangu. Nyuma ya jambo hilo kulikuwa na uvumi uliokuwa umezunguka kijijini tangu ngano ilipoanza kukauka, kwamba baba anatafuta mke wa pili, na kwamba huyo mke ni Kathure, msichana aliyeuza chai karibu na uwanja. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Mama hakuwahi kumwuliza baba. Alingoja tu, kama mtu anayengoja mvua huku ameanika mahindi. Njiani wanawake waliotoka kisimani walisimama kututazama, na mmoja akapaza sauti, "Mama Mutuma, huyo mzee ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa," mama akajibu. "Lakini ana kitu. Bado sijakijua."

Uwanjani kulikuwa na kabichi ambazo mtoto hangeweza kuzikumbatia, viazi vilivyooshwa vikapangwa kama mayai, mitungi ya asali kutoka upande wa Tharaka, na kwaya iliyoimba mpaka mwalimu wao akapoteza sauti. Baba alimnunulia mama nyama ya kuchoma. Mama akaigeuza geuza kabla ya kuitia mdomoni. Alimnunulia kitambaa cha kichwa cha rangi ya samawati. Mama akakitazama pande zote mbili, kisha akakikunja na kukitia kifuani badala ya kukivaa. Baba alicheka hata pale ambapo hapakuwa na kichekesho. Halafu, kwa miguu yake mwenyewe, akatupeleka kunywa chai kwa Kathure. Msichana alituwekea vikombe vitatu. Cha mama aliuliza sukari ngapi, changu akauliza. Cha baba alitia vijiko vitatu, akakoroga, akampa. Hakuuliza. Mama alikunywa chai yake yote, polepole, na mimi niliyekuwa sijui chochote cha dunia nilijua kwamba hapo pameharibika jambo.

Kutoka hapo tulikwenda kwenye mazizi ya kondoo. Baba alipita madume yaliyokuwa na shingo nene, akapita majike yenye mimba ambayo mtu yeyote mwenye akili ya mifugo angeyakimbilia, akasimama mbele ya kondoo jike mchanga, wa rangi moja, asiye na kovu wala alama sikioni, ambaye hajawahi kuzaa. Kondoo wa namna hiyo sisi Wameru tunamwita mwati. Hanunuliwi kwa nyama wala kwa manyoya. Mwati hupelekwa kwa wazazi wa msichana unayetaka kumwoa, na asipofika yeye, ng'ombe wote utakaowapeleka baadaye hawana kichwa. Kila mtu pale zizini alijua hivyo. Mwenye kondoo, mzee mmoja mwenye mdomo mwepesi, akaangua kicheko: "Ala! Huyu ni wa posa! Mzee, unaoa tena na hayo magoti?" Wanaume wakacheka. Baba hakucheka. Alilipa, akashika kamba.

Mama akasogea, akaishika kamba hiyo hiyo juu ya mkono wa baba. "Baba Mutuma," akasema, kwa sauti ambayo hata kwaya ingeisikia, "huyu mwati ni wa nani?"

Kicheko kikakatika. Nilifanya nilivyoagizwa, nikafuata macho ya baba. Yalikwenda kule kwenye kibanda cha chai, yakakaa huko kwa muda wa mtu kumeza tonge la ugali lililo kavu, kisha yakarudi.

"Ni wa baba yako," akasema. "Si wewe nilikuoa bila kumpelekea?"

Ni kweli. Mama alikuja kwake bila mwati, miaka kumi na miwili kabla, kwa sababu baba hakuwa na kitu. Mama akamtazama mpaka mzee wa kondoo akaanza kukohoa.

"Basi twende."

"Leo? Mama Mutuma, jua hilo..."

"Leo. Huyu mwati hatalala kwako usiku huu."

Tulivuka mabonde mawili, mama mbele akimvuta kondoo, baba nyuma na vumbi kwenye viatu vyake vilivyong'aa asubuhi. Babu, baba yake mama, alimfungua kondoo mdomo, akampapasa mgongo, akanitazama mimi. "Mwati huyu amechelewa," akasema, "mpaka amekuja na mjukuu wa kumchunga." Akacheka, akampa baba kiti. Baba akakaa kama mtu aliyetua gunia.

Wakati wa kurudi baba alibaki nyuma akizungumza na mashemeji, na mama akainama kwangu. "Kabla hajajibu, alitazama wapi?" Nikamwangalia usoni. Nikamwambia, "Alikutazama wewe, mama." Alitoa kile kitambaa kifuani akakifunga kichwani. Nimefanya biashara nyingi, na watu wa hapa Meru wanajua sijashindwa nyingi, ila hiyo ndiyo ya kwanza kufaulu. Mke wa pili hakuja. Kathure aliolewa huko mji wa Maua kabla ya mavuno mengine, na baba na mama wakaishi pamoja mpaka tukamzika baba.

Siku hizi posa hutumwa kwa simu, na vijana huja kwenye sherehe ya mavuno wameshikana mikono wakijipiga picha. Mimi mwenyewe nilipooa nilipeleka kila kitu kwa siku moja, mwati na ng'ombe na asali na mablanketi, mpaka watu wakasimama barabarani kuhesabu magari. Hakuna aliyeniuliza swali hata moja. Mke yule alikaa miaka minne, akaenda. Aliyepo sasa ananitazama ninapomletea zawadi, anaigeuza pande zote mbili, na zamani ningekasirika. Sasa namwacha ageuze. Mwaka jana mama, ambaye meno yamemwisha lakini macho hayajamwisha, aliniambia ghafla tukiota moto, "Mutuma, siku ile ulinidanganya." Nikasukuma kuni motoni. "Nilijua hapo hapo," akasema. "Lakini nilikuwa nimeshachoka kuchunguza, na wewe ulikuwa mtoto uliyetaka kwenda nyumbani."