Tangi la Mzee Parsaloi

Nilitoka Kitengela kwa sababu ya tangi la maji lililopotea, na kwa sababu ya kijana aitwaye Daniel, aliyekuwa Amerika na ambaye alikuwa ameniandikia kwa herufi kubwa tupu.

Wakati huo nilikuwa nauza vitu kwa mtandao. Usinione mkubwa. Ofisi yangu ilikuwa kompyuta ya pembeni katika saiba moja nyuma ya vibanda vya nyama choma. Watoto wa Kajiado walioko ng'ambo walikuwa wananitumia pesa, mimi nanunua mabati, mahindi au tangi, namtafuta mwenye lori, mzigo unafika kwa wazazi wao. Daniel alinunua tangi kubwa jeusi la plastiki la kupelekewa baba yake, Mzee Parsaloi, anayekaa ndani huko mbele ya Bissil. Dereva wangu, Mutiso, akaapa kwamba amelifikisha. Mzee naye akaapa kwa simu kwamba hajaona hata kifuniko. Basi Daniel akaandika: NATAKA PESA YANGU.

Pesa yenyewe ilikuwa imeshanunua tangi, na faida yangu ilikuwa imeshaingia kwenye karo ya mwanangu Kevin, na sijawahi kusikia shule iliyorudisha karo. Daniel akaongeza kwamba Jumapili ikifika bila tangi wala pesa, atawatangazia wenzake wote kule Amerika kuwa Mama Kevin wa Kitengela ni mwizi. Hao wenzake ndio waliokuwa wateja wangu, wote, hakuna mwingine. Usiku huo sikulala vizuri.

Asubuhi nilimkuta Mutiso akipakia simiti ya kupeleka Bissil. Nikapanda mbele bila kualikwa.

"Leo utanionyesha pahali uliacha hiyo tangi," nikamwambia.

"Mama Kevin, nilishusha na hii mikono! Nikapewa hadi maziwa. Sasa mtu anaweza pewa maziwa kama hajafika?"

Tuliondoka, mimi nimekumbatia mkoba, yeye anapiga mluzi wa mtu asiye na deni.

Isinya tulisimama kununua sukari na majani ya chai, maana Mutiso alinifunza kwamba bomani hakuendwi mikono mitupu. Alinifunza hivyo kisha akaenda kukagua magurudumu mpaka nilipomaliza kulipa. Kutoka hapo barabara ni tambarare na pundamilia, na mimi nilitumia muda wote nikifanya mazoezi ya kugomba. Nilikuwa nimechagua maneno makali sana.

Kajiado mjini tulikunywa chai. Mama mwenye hoteli aliposikia naenda ndani akanifundisha salamu ya Kimaasai: mwanamke akiambiwa "Takwenya", anajibu "Iko". Nilirudia mara nyingi juu ya mandazi mpaka meza ya jirani ikaanza kunisaidia.

Bissil tuliteremsha simiti, tukaacha lami. Lori lilipita miibani mpaka kwenye korongo pana la mchanga, na kabla ya kulivuka Mutiso akazima injini mbele ya boma moja. "Ni hapa," akasema, kwa fahari.

Mzee mmoja mrefu akatoka kutulaki. "Takwenya," akaniambia.

"Amina," nikajibu.

Watoto wa boma walicheka mpaka wakakaa chini. Lakini mimi nilikuwa nimeshaliona tangi. Lilikuwa limelazwa ubavu chini ya mgunga. Mtu alikuwa amelikata mlango mzuri wa mraba kwa panga la moto, na mlangoni alisimama mwanakondoo akinitazama kama mwenye nyumba.

Nyumba za boma lile zilikuwa za udongo, hazina mabati wala mfereji wa kukinga mvua, kwa hiyo tangi walikuwa wamelipatia kazi nyingine. Tangi lenye mlango haliuziki tena.

"Mzee Parsaloi," nikaanza, na yale maneno yangu makali yote yakanitoroka.

"Mimi si Parsaloi," mzee akasema. "Mimi ni Lemayian. Parsaloi anakaa ng'ambo ya korongo."

Nikamgeukia Mutiso. Akaanza kuangalia ndege.

"Siku hiyo mto ilikuwa imejaa, Mama Kevin," akaninong'oneza. "Nikataja tu jina la Parsaloi, nikaacha hapa. Si ni majirani?"

Majirani walikuwa kweli, ila hawakuwa wamesalimiana kwa miaka, kwa ugomvi wa kisima kilicho katikati ya korongo. Mzee Lemayian mwenyewe ndiye aliyenieleza, akipapasa tangi.

"Lakini Parsaloi ameonyesha yeye ni mtu. Amenitumia hii kitu kubwa, bila kuomba. Sasa mimi nitakaa tu? Jioni hiyo hiyo nikamtumia kondoo dume. Sasa hatuitani jina. Namwita Paker, na yeye ananiita Paker. Watu wakipeana kondoo wanaitana hivyo mpaka kifo. Na wamama wanachota maji pamoja."

Nilifungua mdomo. Mutiso akanikanyaga mguu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alikuwa amefanya jambo la maana.

Ng'ambo ya korongo tulivuka kwa miguu. Nyumba ya Mzee Parsaloi ilikuwa ya mabati, ina mfereji mpya, na chini ya mfereji kulikuwa na karai dogo la kufulia. Karai lile lilinitia uchungu.

"Tangi sijaona," mzee akasema tulipoketi. "Lakini niko na habari njema. Lemayian ameniomba msamaha! Alinitumia kondoo dume, hivi hivi tu. Sijui ni Mungu alimgusa."

Nikamwambia ukweli wote. Ningefanya nini? Mzee akanisogelea.

"Kwa hivyo anafikiria ni mimi nilianza?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nilikuwa nafikiria ni yeye." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka kitu. "Kondoo tulishakula."

"Na tangi liko na mlango, mzee."

"Mlango?"

"Na kondoo wengine ndani."

Alichukua fimbo yake na simu, akapanda juu ya kichuguu, ambako ndiko mtandao ulipatikana. Nilisimama chini yake nikimtazama nyayo. Neno moja tu kutoka kwa mzee yule, na biashara yangu ilikuwa imekwisha.

"Daniel!" akapaza sauti, kama anayetaka kusikika Amerika bila simu. "Tangi imefika. Imefika! Mama wa watu si mwizi, wacha kumsumbua... Ndiyo, nimeiona." Hapo alikuwa akiangalia upande wa Lemayian, ambako kitu cheusi kilionekana katikati ya miiba. "Iko pahali yake. Sasa nunua yangu."

Daniel alipiga kelele ndani ya simu kwa muda.

"Hiyo ni ya Paker. Mimi nilimpea. Baba yako ni mtu mkubwa, Daniel, hawezi kunyang'anya mtu. Nunua ingine."

Nusura nikumbatie kichuguu na mzee pamoja.

Tulirudi Kitengela jioni na kibuyu cha maziwa, na kabla ya Jumapili Daniel alikuwa ameagiza tangi la pili, bila salamu. Nililisindikiza mwenyewe mpaka chini ya mfereji.

Biashara iliendelea miaka mingi baada ya hapo, nami nilijifunza kumuuliza mnunuzi maswali kabla mzigo haujapakiwa. Wengine huuliza namba ya simu na jina la mahali. Mimi nauliza kwanza: baba yako amekosana na nani, na huyo mtu anakaa upande gani wa korongo?