Siku Tulipopaka Rangi Duka la Sajini

Asubuhi jua liliingia dukani kwa Sajini taratibu, kama mgeni anayevua viatu. Lilianzia kwenye gunia la sukari, likapanda mtungi wa pipi, likaishia kwenye taa za chemli zilizoning'inia darini. Ukiingia wakati huo, vumbi likielea hewani bila haraka, ulihisi umeingia katika usingizi wa mtu mwingine, tena usingizi mzuri.

Mwenyewe alikaa nyuma ya kaunta, mgongo umenyooka. Alikuwa ameacha jeshi miaka thelathini nyuma, lakini jeshi halikuwa limemwacha. Bidhaa zake aliziita vikosi. Kikosi cha sabuni kulia, usawa wa kiuno. Kikosi cha misumari chini kushoto. Nyuzi na sindano mbele ya kifua chake. Wateja wakisongamana, aliwaambia wanyooshe mstari, sabuni haijakimbia. Watu walicheka, lakini mstari waliunyoosha.

Vitani hakuwa mtu wa kutisha, alikuwa mtunza ghala. Ghala lenyewe lilikuwa handaki, na kuwasha kiberiti humo kulikuwa sawa na kumwambia adui karibu. Basi akajifunza kutoa kila kitu kwa kupapasa: bendeji, betri, biskuti. Alituambia kwamba kijana anayevuja damu hana subira ya kungoja utafute. Aliporudi nyumbani, akachukua kiinua mgongo chake akafungua duka, akalipanga vile vile. Miaka thelathini hakuna kopo lililohama hata upana wa kidole.

Na mkono wake ulikuwa wazi jamani. Ukinunua misumari kumi, ulifika kwako na kumi na miwili. Kila mtoto aliyezaliwa mtaani alipelekewa mche wa sabuni. Ngazi yake ya mbao ilizunguka mji mzima, hata majirani wakasema ngazi ile ina wake wengi. Lakini kupokea hakukujua kabisa. Ukimletea hata papai, alikurudishia na mawili. Mkewe akitaka kumshikia mfuko, alimnyang'anya.

Hakuna aliyejua kwamba macho yalikuwa yakimzimikia. Mwanzoni, alikuja kutusimulia, alidhani ni ukungu wa asubuhi uliochelewa kuondoka. Ukungu ukakaa hadi adhuhuri, ukakaa hadi mwaka. Watu wakawa rangi tu zinazopita mlangoni: mkunga akawa weupe wenye harufu ya dawa, fundi viatu akawa kahawia yenye kikohozi. Alisema ilikuwa kama kuishi ndani ya maziwa, na kuna siku aliona raha. Mikono yake ilivijua vikosi vyote. Aliogopa kitu kimoja tu: wakijua, watamfungia duka, wamkalishe kwenye kiti awe mtu wa kuletewa.

Kosa lilikuwa letu, na tulilifanya kwa mapenzi. Askari mwenzake wa zamani alimpitia na gari, wakaenda mkutano wa wastaafu mji wa pili, siku tatu. Mkewe akaona nafasi ndiyo hiyo. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi wa taa, na yeye kwa miaka alitamani kumfurahisha mumewe kwa jambo ambalo hataweza kulirudisha maradufu. Akatuita. Mimi nilishika brashi. Tulitoa kila kitu nje, tukapaka samawati, kisha fundi cherehani, mama mwenye jicho la kupenda vitu vizuri, akasimamia upangaji. Makopo marefu nyuma, mafupi mbele, rangi kwa rangi. Duka likapendeza kama bibi harusi.

Aliporudi alisimama mlangoni, akanusa, akatabasamu. Akatushukuru mmoja mmoja. Akapita nyuma ya kaunta, na mkunga, akitaka kuwa mteja wa kwanza, akaomba pakiti ya nyembe. Mkono wa Sajini ukaenda moja kwa moja, bila wasiwasi, ukarudi na kopo la rangi ya viatu. Akaliweka mbele ya mkunga kwa heshima zote.

"Ehee," akasema fundi viatu, "sasa watoto wa mji huu watazaliwa wanang'aa."

Tukacheka. Yeye pia akacheka. Mkono ukarudi rafuni, ukagusa hiki, ukagusa kile, ukaongeza kasi, chupa ya mafuta ikaanguka ikapasuka. Kicheko kikatukauka. Mkono ule uliendelea kupapasa, kama mtu aliyekuta ukuta mahali palipokuwa na mlango wa nyumba yao. Kisha akatuambia, kwa upole, kwamba duka limefungwa.

Siku tatu mlango haukufunguliwa. Mkewe alituambia anakaa kitandani akielekea ukutani, na neno alilotamka ni moja tu: viuzwe vyote. Fundi cherehani alilia, akataka kwenda kuomba radhi. Mkunga akamwambia radhi haitairudisha sabuni mahali pake. Lakini nani alipajua mahali pa kila kitu? Hakuna. Mwishowe mkunga mwenyewe akasema, "Mimi pa nyembe napajua. Miaka ishirini nautazama mkono wake."

Siku ya nne mkewe akatufungulia. Kila mtu alirudisha kile alichozoea kununua. Seremala misumari. Fundi viatu gundi na rangi zake. Akina mama chumvi, viberiti, utambi. Tulifanya kazi kwa kunong'ona, kama watu walio ndotoni. Sajini alitusikia, akatoka chumba cha nyuma, akasimama. Fundi viatu akaweka kopo, likalia rafuni.

"Kushoto," ikaja sauti. "Vidole viwili."

Kopo likasogea. Kuanzia hapo aliamrisha, nasi tulitii. Ikabaki rafu ya juu pembeni, ambayo hakuna aliyewahi kununua kitu chake. Mkewe akainua kasha, akamuuliza hili lilikaa wapi.

"Kasha gani?"

"Hili hapa, mume wangu. Mbele ya uso wako."

Mkono wake ukanyooka, ukapita kando ya kasha. "Silioni," akasema. "Huu mwaka wa pili sioni."

"Miaka miwili! Na mimi nalala pembeni yako?"

"Ulikuwa unakoroma."

Mkewe alicheka na machozi yakimtoka. Akamwambia hospitali ya wilaya ina daktari wa macho kila Alhamisi, na Alhamisi ndiyo leo. Sajini akauliza nani atakaa dukani. Mkunga akajibu kwamba vikosi vimeshapangwa, watu watashika zamu. Tulimwona akitafuta la kuturudishia, angalau mche wa sabuni, mkono umeshaanza kuinuka. Ukasimama hewani. Kisha akaugeuza kiganja juu, mtupu, akaunyoosha mbele.

"Basi nishikeni," akasema.

Mkewe akamshika. Walitoka nje kwenye mwanga mweupe wa adhuhuri, na kila waliyepishana naye alijitaja kabla ya kusalimia, bila kuambiwa na mtu. Tulimsikia akimlalamikia mkewe kwamba hatua zake hazilingani. Mkewe akamjibu kwamba mwenye macho ndiye anayeongoza. Sajini akamfuata.