Amehamia Kabla ya Madirisha

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la uchapaji pale Kashaulili, nasubiri kadi za harusi ya binti yangu. Akaingia mwalimu wa hesabu, akaegemea kaunta, na kama kila Jumamosi akamuuliza mwenye duka, "Hiyo programu yako imefikia wapi?"

Mwenye duka ana kompyuta moja, na kwa miaka sasa anatengeneza programu ya kuandikia programu nyingine. Mwalimu anaisubiri ili aandike ya kwake, ya kujumlisha maksi za shule nzima. Taarifa ya kila wiki tumeizoea: imebaki kidogo.

Safari hii mwenye duka aliinua kidevu. "Nimehamia."

"Umehamia wapi?"

"Humo humo ndani. Tangu Jumatatu, kila ninachoongeza kwenye hiyo programu nakiandika ndani yake yenyewe. Ikivuja, mvua inanipiga mimi, kwa hiyo naziba haraka."

"Kwa hiyo imekwisha?"

"Bado. Sehemu ya kutafuta neno, bado. Ya kuyapa maandishi rangi, bado."

Mwalimu akaguna. "Miaka yote hiyo!"

"Kwani wewe, mwalimu, nyumba yako ya Misunkumilo ulihamia imekwisha?"

Mwalimu akanitazama. Mimi nikatazama dari. Mtaa mzima tunajua madirisha yake mpaka leo ni magunia.

Akatoa disketi kwenye mfuko wa shati, akaiweka kwenye kaunta taratibu. "Basi nitilie, na mimi nihamie."

Siku hizi mtu akiniambia kazi yake imebaki kidogo, simuulizi itaisha lini. Namuuliza analala wapi.